Zamu za Maji Digodigo na Daftari Lisilopatikana

Wazee wa kwetu Digodigo wakiniuliza ninachosoma Dar es Salaam, nawaambia: kutunza data za sayansi. Wanadhani ni kupanga vitabu rafuni. Nami nadhani kazi hiyo waliianza wao, bila karatasi.

Sisi Wasonjo, au Batemi kama tunavyojiita, tumelima hapa kwa maji ya chemchemi vizazi vingi: mtama, maharage, viazi vitamu. Mifereji ilisimamiwa na wenamiji, wazee waliorithi haki ya maji. Wao ndio waliojua zamu ya nani inaanza lini, nani amekosa, nani ametoa mbuzi apate maji yasiyo yake. Hesabu ilikaa kichwani, lakini wakaguzi hawakukosekana. Mtu ambaye shamba lake limekauka hasahau zamu yake, wala ya jirani.

Miaka ya 1950 akaja Robert F. Gray, mwanaanthropolojia wa Kimarekani. Kitabu chake juu ya Wasonjo kilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1963. Kimezieleza vizuri ngazi za haki ya maji, na nakiheshimu. Ila jicho la mkutubi wa data linatafuta daftari: wiki fulani, mfereji fulani, maji yalifika shamba lipi na yalikauka wapi. Kitabu kinatupa kanuni tu. Mwaka 1994 William Adams, Tomasz Potkanski na John Sutton wakaandika juu ya mifereji hiyohiyo katika jarida la jiografia la Uingereza. Sutton ni mwanaakiolojia aliyeichunguza Engaruka, ambako mifereji na matuta ya mawe yalihamwa zamani. Mtu wa namna hiyo akija Sonjo anaona mfereji ungali na maji, na wenyewe wa kuulizwa wapo. Kati ya Gray na hao kuna kizazi kizima, lakini maandishi yao hayaunganiki kirahisi, kwa kuwa kila mmoja alikuja na maswali yake.

Magharibi yetu mambo ni tofauti. Simba wa Serengeti wanafuatiliwa tangu George Schaller alipoanza mwaka 1966. Baadaye Alexandra Swanson, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Minnesota, alitega kamera 225 mbugani, na mwaka 2015 yeye na wenzake wakaweka wazi seti milioni 1.2 za picha, kila moja na mahali na saa yake. Fisi aliyepita usiku ana kumbukumbu iliyo kamili kuliko mfereji unaolisha kijiji. Sisemi haya kwa wivu. Kazi ile ndiyo iliyonifundisha data iliyotunzwa inafananaje.

Tasnifu yangu ni fomu tu, kusema kweli: mfereji, msimu, kipimo cha zamu, aliyesimulia, aliyeandika, anayeruhusiwa kusoma. Ugumu uko kwenye kipengele hicho cha mwisho. Orodha ya zamu ni orodha ya wenye haki, na ikiwekwa wazi ovyo inaweza kuamsha ugomvi uliokwisha kusuluhishwa. Nimeandika: wazee wa mfereji kwanza, kisha serikali ya kijiji, kisha watafiti. Msimamizi wangu anataka watafiti watangulie, maana data iliyofungwa, anasema, haina faida kwa sayansi. Rasimu imerudi na alama zake nyekundu. Kipengele hicho nimekirudisha kwake kilivyokuwa.