Utanduzi, na wale wanaotuletea umaliziaji

Karatasi moja ya maelekezo inapita mikononi mwa watu hapa Same, hasa wenye bunduki za leseni wanaoishi kuelekea Mkomazi. Kichwa chake ni hiki: "Uondoaji wa Umaliziaji wa Kiwandani katika Vipuri vya Silaha vya Chuma Kisichotia Doa." Naambiwa kilipitishwa na kamati. Naamini, maana mtu mmoja peke yake asingethubutu.

Umaliziaji ni tendo. Fundi akishapiga plasta, akapaka rangi na kufunga milango, hapo amefanya umaliziaji wa nyumba. Kile kinachobaki juu ya chuma baada ya kazi ya kiwanda si tendo tena. Ni kitu, kina unene wake na rangi yake, na ukikigusa kwa msasa kinaanza kutoka pembeni, weusi ukipisha weupe. Utaondoaje tendo lililokwisha kutendeka? Na hiki "kisichotia doa" ndicho kabisa: chuma kimekuwa wino lini? Madukani wanasema stenlesi, wanaoandika wanasema chuma kisichoshika kutu, na wazee walikuwa na pua na feleji. Najua "chuma cha pua" kinawachekesha wanafunzi. Wacheke, lakini neno ni letu na ni la zamani.

Ninalopendekeza, na nimelipendekeza kwa maandishi bila kujibiwa, ni utanduzi. Msingi wake ni tanda: mawingu yametanda, ukungu umetanda juu ya mlima Shengena. Humo tumepata utando, yaani chochote chembamba kilichoenea juu ya kingine, uwe wa buibui, wa maziwa yaliyopoa au wa jicho la mzee. Humo humo tumepata tandika, na sioni haya kukihesabu kitanda katika ukoo huu. Kisha lugha yenyewe, pasipo semina wala posho, ikatupa tandua, kwa ile kauli ambayo wanasarufi wanaiita ya kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, tega, tegua. Kila mama wa nyumba hutandua shuka asubuhi. Kilichotandazwa juu kinatoka, na cha chini kinabaki kizima. Kutoka chambua tumepata uchambuzi, kutoka pindua tumepata mapinduzi. Basi kutoka tandua tunapata utanduzi, na anayedai halitamkiki anitamkie kwanza "uondoaji wa umaliziaji" akiwa na haraka.

Yupo mwenzangu, sitamtaja, anayeng'ang'ania kuchubua. Nimemsikia akilitetea mbele ya watu kwa sauti iliyozidi hoja. Kuchubua ni kujeruhi: goti lililochubuka limepoteza sehemu yake. Hapa ndipo anapojulikana kwamba hakuuliza chuma hiki ni nini. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikiyeyusha mwaka 1913 alipokuwa akitafuta mitutu ya bunduki isiyolika upesi kwa joto la baruti; kwa hiyo hata bunduki si mgeni katika habari hii. Siri yake ni kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5 hivi, ambayo ikikutana na hewa hujitandaza juu ya chuma kama utando usioonekana, wenye unene wa nanomita chache. Ukiukwangua, hujitanda upya wenyewe. Sasa aseme, kimechubuka nini? Utando wa kiwanda umetanduliwa, utando wa asili umetanda. Neno moja linabeba pande zote mbili za jambo, na lake halibebi hata upande mmoja. Kubandua nako kunataka kwanza kitu kiwe kimebandikwa, na rangi ya bunduki si tangazo la ukutani.

Inaniuma zaidi kwa kuwa haya yanatokea Upareni. Kaskazini, Ugweno, ukoo wa Washana walikuwa watawala na wahunzi kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapokonya madaraka. Wapare wa huko waliyeyusha mchanga wa chuma uliokusanywa kwenye vijito, na chuma chao kikapanda hadi kwa Wachaga. Kazi hiyo ilikuwa na msamiati wake wote. Kiswahili nacho, kilipotaka jina la yale makapi yanayobaki tanurini, kikasema mavi ya chuma, basi. Kamati ya leo ingetupatia "mabaki ya mchakato wa uyeyushaji", na ingelipwa nauli.

Kuhusu matumizi, kwa kifupi: utanduzi hufanywa kwa msasa laini kwa kufuata mkondo mmoja, kamwe si kwa steli wuli ya kawaida, kwa sababu huacha chembe za chuma zinazoshika kutu, na kama kipuri ni cha bunduki, mpelekee fundi mwenye leseni, maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haikutungwa kwa ajili ya sufuria.

Atakayefanya kazi hiyo ni mtanduzi. Dawa ya kulainishia rangi kabla ya msasa ni kitanduzi. Chuma kilichokwisha kufanyiwa kimetanduka. Kikipakwa tena, kimetandwa. Mwenzangu wa kuchubua anakaribishwa kujaza safu hiyo hiyo kwa neno lake, akianza na jina la dawa.