Baiskeli katika uwanda wa mashariki ya Unguja

Mashariki na kusini ya kisiwa cha Unguja, Zanzibar, mtu anaweza kuendesha baiskeli kutwa nzima akipita mabonde ya mpunga, misitu ya mikoko na mchanga wa pwani, bila kupanda mlima hata mmoja. Safari hizi huzunguka maeneo ya Dunga, Cheju, Jozani, Chwaka, Paje, Michamvi na Makunduchi. Njia zake hazikukatwa kwa ajili ya matembezi. Ni njia za watu kwendea shamba, pwani na mnadani, na aliyekuja kutembea huzikuta zikiwa na shughuli zake.

Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi, na hata vilima vya Masingini karibu na mji havifiki mita 150. Magharibi kuna udongo mwekundu wa kinongo, wenye minazi na miembe. Mashariki ni uwanda: jiwe la matumbawe ya kale lililofunikwa na udongo mchache, vichaka juu yake, mapango chini yake. Mvua inayonyesha uwandani haifanyi mto. Huzama ndani ya jiwe na kutokea kwingine, visimani au katika ardhi ya chini yenye majimaji. Baina ya sehemu hizo mbili yamelala mabonde ya kinamo, udongo mzito mweusi unaoshika maji, na huko ndiko unakolimwa mpunga.

Bonde la Cheju, lililo kati ya barabara ya Chwaka na msitu wa Jozani, huonesha vizuri jinsi majira yanavyoibadilisha safari. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, bonde hujaa maji na njia zake hazifai. Kinamo hunata kwenye tairi, hujikusanya chini ya madigadi na kulizuia gurudumu lisizunguke, na mwenye baiskeli huishia kuibeba begani. Mpunga ukikua, njia zilizoinuka hupitika katikati ya kijani kitupu. Ukikaribia kuiva, watoto na wanawake hushinda bondeni kuamia ndege, na sauti zao husikika mbali. Baada ya mavuno ardhi hupasuka nyufa, ng'ombe huachiwa mabua, na yangeyange hufuata kwato zao wakidona wadudu. Hapo mtu anaweza kukatiza bonde zima kwa mwendo mmoja. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, asubuhi moja ya Cheju baada ya mavuno ina utulivu kuliko pwani yoyote ya kisiwa.

Kusini-mashariki ya Cheju ni Jozani, kwenye shingo ya ardhi kati ya Ghuba ya Chwaka na maji ya kisiwa cha Uzi. Hifadhi ya Taifa ya Jozani-Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Maji ya chini ya ardhi hapa yako karibu sana na uso, na mvua kubwa hugeuza sakafu ya msitu kuwa dimbwi. Barabara kuu ya kwenda Paje hupita katikati yake. Kima punju, wasiopatikana kwa asili popote duniani isipokuwa Zanzibar, huivuka kwa makundi. Wengi waligongwa na magari, hata yakawekwa matuta ya kupunguza mwendo. Kwa mwendesha baiskeli matuta hayo ni faraja, maana sehemu hii ndiyo yenye magari mengi kuliko zote: daladala, malori na magari ya watalii. Anayetaka utulivu huipita mapema asubuhi.

Upande wa kaskazini wa hifadhi, mikoko imeizunguka Ghuba ya Chwaka, na ndiyo misitu mikubwa ya mikoko kisiwani. Mkoko wenyewe husimama kwenye mizizi yake mirefu, mchu huchomoza vijiti vya kupumulia, mkandaa hukaa nyuma palipokauka kidogo. Rasi ya Michamvi ndiyo inayoikinga ghuba na bahari kuu. Barabara yake, kutoka Paje kupitia Bwejuu, ni nyembamba na tambarare, na kadiri unavyokaribia ncha ndivyo magari yanavyopungua. Wapo wanaopakia baiskeli kwenye chombo cha mvuvi huko Michamvi na kuvuka hadi Chwaka, badala ya kurudi njia ile ile.

Pwani ya Paje na Jambiani, barabara huwa ni bahari yenyewe. Maji yakipwa, mchanga wa juu hubaki mgumu kiasi cha kubeba tairi, na wenyeji hupita hapo kwa baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kukamilika, maji hushuka na kupanda karibu mita 4, na hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Kila siku inayofuata, saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo, na mchanga mgumu huwa ukanda mwembamba tu. Hizo saa za maji kupwa ndizo pia saa za kazi. Wanawake huwa kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wavua pweza huwa mwambani. Kamba na vigingi vyao ni mali ya mtu, kwa hiyo baiskeli hukaa karibu na ufuo, na salamu hutangulia kengele.

Upepo nao huamua upande wa kuanzia. Kusi huvuma takriban kutoka Aprili hadi Oktoba, na anayetoka Makunduchi kwenda Michamvi husukumwa nao. Kaskazi, Desemba hadi Machi, hutaka safari igeuzwe. Kilomita 10 za kupingana na kusi katika uwanda usio na kivuli huchosha kuliko mlima.

Chumvi huila baiskeli upesi. Cheni na spoki huota kutu ndani ya siku chache zisipooshwa kwa maji baridi na kupakwa mafuta. Mawe makali ya uwanda hutoboa mipira, ila mafundi wenye pampu, viraka na solusheni hupatikana katika vijiji vingi, kwa kuwa baiskeli bado ni chombo cha kazi: hubeba matenga ya samaki, kuni na majani ya mifugo kwenye keria. Mgeni avae nguo ya kufunika magoti, na mwezi wa Ramadhani asile wala asinywe mbele za watu mchana.

Kusini-magharibi ya Jozani, nje kidogo ya uwanda huu, kipo kisiwa cha Uzi. Kwa vizazi vingi watu wa huko walivuka kwenda Unguja Ukuu kwa njia ya mawe iliyopita katikati ya mikoko, ambayo maji yakijaa ilikuwa ikizama. Mwenye baiskeli aliyechelewa aliiegemeza kwenye mti, akangoja pamoja na wenyeji mpaka mawe yaonekane tena.