Msongo wa mawazo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu

Msongo wa mawazo ni hali inayompata mtu anapoona mambo yanayomkabili yamezidi uwezo wake. Ukidumu, huharibu usingizi na kumbukumbu.

Wanafunzi wa Tanzania huogopa "sapu" (mtihani wa marudio) na "kudisko" (kuondolewa chuoni). Pesa huongeza hofu: "bumu", mkopo wa kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005, likichelewa, chakula hukosekana. Kwa anayesoma Kizumbi, Shinyanga, huku wazazi wakichimba dhahabu Geita, hata nyumbani hakutabiriki: duara laweza kuchimbwa miezi bila kutoa kitu.

Aliyezidiwa amwone mlezi wa wanafunzi kabla ya mtihani. Kuahirisha kwa kibali hulinda nafasi yake. Kutoonekana mtihani bila ruhusa huweza kumwondoa chuoni.