Dawa za Kushusha Kinga Zinaweza Kurudisha Nywele, Lakini Pima TB Kwanza

Machi 27, 2022, Will Smith alipopanda jukwaa la Oscars na kumzaba Chris Rock kofi, wasee wengi ndio walisikia neno alopesia mara ya kwanza. Utani ulikuwa wa kichwa cha Jada Pinkett Smith, ambaye tangu 2018 alikuwa ashasema nywele zinamtoka. Ile stori iliisha. Ugonjwa bado uko, hata mtaani kwenu: kinyozi anapitisha mashine, anasimama, anakuambia, "Buda, hapa nyuma kuna kipara saizi ya shilingi kumi."

Hiyo inaweza kuwa alopesia areata. Kinga ya mwili wako inachanganyikiwa na kuvamia mizizi ya nywele kama adui. Si kurogwa, si uchafu, na huwezi kuambukiza mtu. Lakini usijitibu kwa macho, juu inafanana na choa. Choa ni fangasi, na ukiipaka krimu ya steroidi unaiongezea nguvu. Wacha daktari wa ngozi aangalie.

Kipara kidogo huweza kujaa chenyewe, ama daktari akudunge steroidi hapo hapo kichwani. Nywele zikiisha karibu zote, ndio dawa za kushusha kinga zinaingia. Barisitinibu, tembe ya kila siku, iliidhinishwa Marekani Juni 2022 kwa watu wazima wenye alopesia kali. Kwenye majaribio, zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu waliokunywa miligramu 4 walikuwa na nywele asilimia 80 ya kichwa ama zaidi baada ya wiki 36. Si wote, umeona? Na ukiacha, mara nyingi zinatoka tena.

Sasa noma iko hapa. Kinga ukiilaza, hailali kichwani pekee. Wakenya wengi wamebeba vijidudu vya TB vilivyolala, na kinga ndiyo imevifungia. Ukiishusha, vinaamka. Ndio maana kabla ya tembe ya kwanza unapimwa TB, hepatitisi B, damu na ini. Kama wewe huvuta fegi ama damu yako imewahi kuganda, sema. Chanjo ya homa ya manjano nayo ina virusi hai, so kama una safari, ongea na daktari kabla hujaanza dawa.

Methotreksati, inayotumika sana kwa soriasisi, humezwa mara moja kwa WIKI. Kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Ukiwa na mimba ni hapana kabisa, na pombe inaumiza ini zaidi. Prednisoloni nayo, kama umeitumia wiki kadhaa, usiikate ghafla. Hupunguzwa pole pole.

Ukishika homa, kikohozi kisichoisha, kifua kuuma ama mguu mmoja kufura, rudi hosi siku hiyo hiyo, na ubebe pakiti ya dawa waione.