Robo Tatu ya Majimbo

Rhode Island ni kijimbo. Nchi kavu yake inakaribia kulingana na Unguja na Pemba zikijumlishwa. Hata hivyo, mwaka 1782 kijimbo hicho kiliwafunga mikono wenzake 12. Marekani ilikuwa imeelemewa na madeni ya vita vya uhuru, na Kongresi ikaomba idhini ya kutoza ushuru wa asilimia tano kwa bidhaa zinazotoka nje. Mkataba uliokuwa ukiyaunganisha majimbo ulitaka kila badiliko likubaliwe na yote 13. Rhode Island, iliyokuwa ikila kwa bandari zake, ikasema hapana, na mambo yakaishia hapo. Ombi jingine lilipoletwa, safari hii ni New York iliyoligomea mwaka 1786.

Wajumbe waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika Katiba mpya walikuwa bado na kidonda hicho. Rhode Island, kwa kukamilisha ukaidi wake, haikutuma hata mjumbe mmoja. Suluhu yao ndiyo Ibara ya Tano: theluthi mbili ya kila baraza la Kongresi hupendekeza marekebisho, kisha robo tatu ya majimbo huyaridhia. Leo majimbo ni 50, hivyo yanatakiwa 38. Yakikaa kimya 13 tu, hoja imekwama.

Siku mbili kabla ya kutia saini, George Mason wa Virginia aliona tundu. Rasimu iliiachia Kongresi peke yake mamlaka ya kupendekeza. Je, Kongresi yenyewe ikipotoka, nani ataianzishia marekebisho? Ikaongezwa njia ya pili: theluthi mbili ya majimbo yakiomba, sharti uitishwe mkutano maalumu.

Njia hiyo haijatumika hata mara moja. Marekebisho yote 27 yameanzia Kongresi. Lakini asidhani mtu kwamba ni pambo. Zamani maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo, na Seneti haikuwa na hamu ya kuwapa wananchi kazi hiyo. Maombi ya mkutano yalipozidi kurundikana, Seneti ikalegea, na mwaka 1913 wananchi wakaanza kuchagua maseneta wao. Ajabu ni kwamba mabunge hayohayo ya majimbo ndiyo yaliyopigania kujivua mamlaka yao.

Jimbo likipelekewa marekebisho, halina ruhusa ya kugusa hata mkato. Ni ndiyo au hapana. Wapigakura nao hawana rufaa: Ohio ilipopiga kura ya maoni mwaka 1919 kukataa marekebisho ya kupiga marufuku pombe, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka uliofuata kuwa uamuzi ni wa bunge la jimbo, si wa umma. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1933, Kongresi iliyakwepa mabunge hayo na kupeleka suala kwa mikutano maalumu ya majimbo. Ni hiyo mara moja tu imefanya hivyo.

Uzito wa mfumo huu ulionekana Nashville, Tennessee, mwezi wa Agosti 1920. Marekebisho ya 19, ya kuwapa wanawake haki ya kupiga kura, yalikuwa yameridhiwa na majimbo 35. Yalitakiwa 36 kati ya 48. Hoteli ya Hermitage ilijaa wapiga debe wa pande zote mbili. Waliounga mkono walijibandika waridi la njano kifuani, wapinzani jekundu, na mtu aliweza kukisia kura kwa kutazama makoti.

Harry Burn, mwenye umri wa miaka 24, mdogo kuliko wabunge wote wa Tennessee, alivaa jekundu. Hoja ya kuahirisha suala ilipopigiwa kura, matokeo yalikuwa 48 kwa 48, naye akiwa upande wa kuahirisha. Wakarudia, yakawa yaleyale. Ikabidi kura ya kuridhia yenyewe ipigwe. Mfukoni Burn alikuwa na barua ya mama yake, Febb, mkulima wa Niota, aliyemsihi awaunge mkono wanawake. Jina lake lilipoitwa, akasema ndiyo. Ikawa 49 kwa 47. Kesho yake aliwaeleza wenzake kwamba kijana haharibikiwi akifuata ushauri wa mama.

Si kila ndiyo ilitoka moyoni. Mwaka 1867, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kongresi iliyaambia majimbo ya Kusini kwamba sharti mojawapo la kurudishiwa viti bungeni ni kuridhia Marekebisho ya 14. Hapo ni vigumu kusema jimbo liliombwa, liliamriwa. Ndiyo nyingine ilichelewa mno: Mississippi ilikuwa imeyakataa Marekebisho ya 13, yaliyofuta utumwa, tangu 1865. Iliyaridhia mwaka 1995, miaka 130 baadaye, na hata hapo karatasi rasmi haikufikishwa Washington ipasavyo hadi 2013.

Ukawiaji huo una upande wake wa kuchekesha. Mwaka 1982 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, Gregory Watson, aligundua kwamba marekebisho yaliyopendekezwa mwaka 1789, ya kuwazuia wabunge kujipandishia mishahara kabla ya uchaguzi, hayakuwekewa ukomo wa muda. Akaandika insha akidai bado yako hai. Akapewa alama C. Alichokifanya baada ya hapo ni kuyaandikia barua mabunge ya majimbo, moja baada ya jingine, mpaka Mei 1992 robo tatu ikatimia. Hayo ndiyo Marekebisho ya 27, yaliyosubiri zaidi ya miaka 202.

Na bado yapo mengine kwenye foleni. Yale yaliyopendekezwa mwaka 1924 ili kuipa Kongresi mamlaka ya kudhibiti ajira ya watoto yaliridhiwa na majimbo 28, la mwisho likiwa mwaka 1937. Nayo hayakuwekewa ukomo. Yanasubiri majimbo kumi.