Siku ya 25 Desemba Katika Mji wa Bethlehemu

Kila mwaka Desemba inapokaribia, twawasikia wazee katika nyumba zetu wakinung'unika: "Mwaka huu mvua haikunyesha vema, mchele ni ghali, watoto hawana nguo mpya, ni sikukuu gani hii?" Hatuwalaumu, kwa maana kila mzazi apenda kuwafurahisha wanawe. Ila sisi walimu tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari za siku hiyo moja, jinsi ilivyopita, miaka kwa miaka, katika mji ambamo Bwana alizaliwa.

Bethlehemu ni mji mdogo juu ya vilima, kusini ya Yerusalemu, mwendo wa maili 6 hivi. Injili yatutajia mahali, wala haitutajii tarehe. Huko Rumi desturi ya 25 Desemba ilikuwapo tangu mwaka 336, lakini Wakristo wa Bethlehemu wenyewe walifanya sikukuu yao 6 Januari. Mama mmoja msafiri, jina lake Egeria, aliyefika huko kati ya miaka 381 na 384, aliandika jinsi watu walivyorudi Yerusalemu kwa maandamano usiku wa sikukuu hiyo. Baada yake, mwaka 386, alikuja Mtakatifu Yeronimo, akakaa Bethlehemu na kufasiri Maandiko kwa Kilatini. Yeye aliwahubiri wenyeji kwamba 25 Desemba ndiyo siku ifaayo. Wala hawakukubali upesi. Basi twaona ya kuwa tangu zamani siku hii ilikuwa na mashindano.

Kanisa la kwanza juu ya pango la Kuzaliwa lilijengwa kwa amri ya Kaisari Konstantino, likawekwa wakfu mwaka 339. Lile lisimamalo hata leo lilijengwa katika karne ya 6, zamani za Kaisari Justiniano. Mwaka 614 Waajemi waliiteka nchi wakabomoa makanisa mengi, lakini hili waliliacha. Mapokeo yasema kwamba waliona ukutani picha ya Mamajusi waliovaa mavazi ya Kiajemi, wakawastahi wazee wao.

Hata ikafika 25 Desemba mwaka 1100. Siku hiyo Baldwin, bwana wa vita aliyetoka Ulaya, alivikwa taji katika kanisa hili awe mfalme wa Yerusalemu. Mwaka 1119, siku iyo hiyo, Baldwin wa pili naye akavikwa taji papo hapo. Fikirini, ndugu zetu: miezi 17 tu kabla ya taji lile la kwanza, watu wa vita hao walikuwa wameiteka Yerusalemu na kuwaua wenyeji wengi mno. Na sasa dhahabu ikang'aa karibu na mahali palipokuwa hori la ng'ombe! Lakini ufalme wao ulikwisha, na leo mlango wa kanisa ni mdogo, kimo chake futi 4 hivi. Yasemekana ulipunguzwa ili wapanda farasi wasiingie na wanyama wao. Kila aingiaye huinama, awe mfalme au mchunga mbuzi.

Ndani ya kanisa hilo wamo Wakristo wa namna 3: Wagiriki wa Orthodoksi, Wakatoliki, na Waarmenia. Kwa kuwa kalenda ya kale iko nyuma siku 13, Wakatoliki hufanya sikukuu 25 Desemba, Wagiriki 7 Januari, na Waarmenia 19 Januari. Mji mmoja, Kuzaliwa kumoja, sikukuu tatu! Lingekuwa jambo la kupendeza kama kila mmoja angefurahi na mwenzake. Lakini mwaka 1847 nyota ya fedha iliyowekwa pangoni mahali pa Kuzaliwa iliibwa, na ugomvi wa nani amiliki mahali hapo patakatifu ukawa sababu mojawapo ya vita vya Krimea, vilivyoanza mwaka 1853 na kuua watu kwa malaki. Tena, tarehe 28 Desemba mwaka 2011, makasisi wa Kigiriki na wa Kiarmenia walikuwa wakifagia kanisa, kulitayarisha kwa sikukuu zao. Wakagombania mpaka wa kufagia, wakapigana kwa mafagio, hata askari wa Kipalestina wakaingia kuwaamua.

Taabu nyingine zilitoka nje. Mwaka 1967 majeshi ya Israeli yaliutwaa mji. Desemba mwaka 1995 yaliondoka, na usiku wa sikukuu Yasser Arafat, mkuu wa Wapalestina, alihudhuria misa kwa shangwe kubwa. Mwaka 2001 alizuiwa kuja. Kiti chake kikaachwa wazi, juu yake kimewekwa kilemba chake. Mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, misa ya usiku ilisomwa pasipo umati wa watu. Mwaka 2023, kwa sababu ya vita vya Gaza, mji haukuweka mti wala taa. Na katika kanisa la Kilutheri sanamu ya mtoto mchanga ililazwa katikati ya vifusi. Hata hivyo ibada ilifanywa. Na Desemba mwaka 2025 taa za mti ziliwashwa tena uwanjani.

Basi, wapenzi wasomaji, tuyapime haya. Vita viliipunguzia siku hii taa zake, maradhi yaliipunguzia watu wake, nayo ikaja. Aibu yake kubwa ililetwa na walinzi wake wenyewe, waliogombana juu ya nyota na juu ya ufagio. Nasi tujichunguze. Je, katika makanisa yetu hatugombani nani akae mbele, na ni kwaya ya nani itangulie kuimba? Mwaka huu tukipika mihogo badala ya wali, tusiseme sikukuu imetupita. Lakini kama yuko jirani ambaye hatusemi naye tangu mavuno, twende mlangoni kwake kabla ya kengele ya mkesha kulia.