Kodi ya Milimani na Mji wa Morogoro

Swali moja husikika sana katika vijiji vya Uluguru, nalo ni hili: Fedha tunayoitoa huenda wapi? Mama mwenye mikungu ya ndizi hushuka kutoka Kinole au Matombo, hufika sokoni Morogoro, hutoa ushuru, kisha hurudi kwake. Naye mzee jirani yake hana mtu wa kumpa hata chumvi. Je, sarafu ile imemfaa mzee yule, au imebaki mjini katika mawe na saruji? Swali hili si la leo. Katika makala hii tutafuata habari za fedha ya umma katika nchi yetu tangu zamani, tupate kujua ni wakati gani iliwafaa watu, na ni wakati gani haikuwafaa, na kwa sababu gani.

Hapo kale Mluguru hakujua kodi ya fedha. Ardhi ilikuwa ya ukoo, nao ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Mtu aliyelima katika ardhi ya ukoo mwingine alimpelekea mkuu wa ukoo ule ngoto, yaani sehemu ya mavuno, iwe ushuhuda kwamba ardhi si yake. Kingalu wa Kinole, mwenye sifa ya kuleta mvua, naye alipelekewa zawadi. Yatima alikuwa na mahali pa kulima kwa haki ya mama yake, na mjane alirudi kwa ndugu zake. Utunzaji huo haukuwa na daftari, kwa kuwa mwenye kutoa na mwenye kupokea walijuana kwa majina. Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mema, maana mtumwa na mgeni asiye na ukoo hawakuwa na mtetezi.

Chini ya mlima, kando ya mto, palikuwa na mji. Katika karne ya 19 Kisabengo, mtu wa asili ya Kizigua, alijenga hapo akauzungushia ukuta wa mawe. Baada yake alitawala binti yake, Simbamwene, na mji ukajulikana kwa jina hilo. Msafiri Stanley alipopita mwaka 1871 alikadiria kuwa na watu 3,000 au zaidi. Misafara iendayo bara ilitozwa hongo, na hongo hiyo ilikuwa ya mtawala. Mwaka 1872 mto ukafurika, ukabomoa ukuta na nyumba nyingi.

Basi wakaja Wadachi, wakaleta kodi ya nyumba kwa sheria ya mwaka 1897. Nyumba moja ya shamba ilitozwa rupia 3. Rupia hazikuota milimani. Ilimlazimu kijana ashuke kutafuta kazi ya mshahara katika mashamba ya walowezi au katika njia ya reli, ambayo ilifika Morogoro mwaka 1907. Ndivyo mji mpya ulivyokua: stesheni, boma, maduka, na barabara zenye miti. Sehemu ya kodi ilitolewa kwa baraza za wilaya, lakini ndani yake sauti ya mwenyeji ilikuwa ndogo sana, na mwaka 1909 baraza hizo zikafutwa, isipokuwa za Dar es Salaam na Tanga. Mlipa kodi wa mlimani aliuona mji unapanuka, wala hakuulizwa neno lo lote.

Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Morogoro. Miaka kumi baadaye, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron, ilitoka sheria ya mwaka 1926 ya utawala wa wenyeji. Tangu hapo wakubwa wa wenyeji walikuwa na Baitulmali, yaani hazina yao wenyewe, na sehemu ya kodi ilirudi humo. Hili lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza fedha iliyotoka kijijini iliandikwa katika daftari la huku huku. Kutoka hazina hizo zilijengwa zahanati, shule na njia. Walakini sehemu kubwa ilikwenda katika mishahara ya wakubwa, makarani na matarishi. Kwa habari ya wazee, vilema na yatima, serikali ilidhani kwamba ukoo utawatunza kama zamani. Haikufikiri sana kwamba kodi yenyewe ndiyo iliyowaondoa vijana katika ukoo, na kwamba mzee mwenye wana wanne mashambani mwa katani aweza kulala njaa sawa na asiye na mtoto.

Mwaka 1940 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutoa fedha kwa ajili ya maendeleo na ustawi wa makoloni. Baada ya vita miradi mingi ilianzishwa katika Tanganyika, na Uluguru ikapata wake. Tangu kama mwaka 1950 serikali iliwaagiza watu wachimbe matuta ya ngazi katika miteremko, ili mvua isichukue udongo na mito isikauke. Nia yake haikuwa mbaya, maana maji ya Ruvu hutoka katika milima hii. Lakini watu walilazimishwa, na wasiochimba walishitakiwa. Tena katika mahali pengi matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakapungua badala ya kuongezeka. Wakulima walikuwa wamekwisha kuyaona hayo kwa macho yao, lakini hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zikatokea Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mradi ukaachwa. Fedha ilitumika, kazi ikafanyika, na mwishoni hapakubaki ila matuta yaliyobomoka na kinyongo.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 utawala wa machifu uliondolewa mwaka 1963, na kazi zao zikaingia katika halmashauri zilizochaguliwa. Hata hivyo mwaka 1972 serikali kuu ilianza kuzivunja halmashauri, ikatuma maofisa wake mikoani wafanye kazi hizo. Matunda yake yalionekana upesi mijini: mitaro iliziba, taka zikakaa, na kipindupindu kikaingia nchini. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1978 ilirudisha halmashauri za miji, na sheria za mwaka 1982 zikarudisha zote, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Tunajifunza hapa ya kwamba hata serikali ya wananchi wenyewe haiwezi kufagia mtaa wa Morogoro ikiwa mbali na Morogoro.

Tuangalie sasa maskini. Katika mji wetu yapo makao ya Fungafunga, na katika Mvomero makao ya Chazi, ambamo wazee wasio na ndugu wametunzwa kwa fedha ya serikali. Ni kazi njema, lakini makao hayo hayawezi kuwachukua ila wachache. Mwaka 2000 ulianzishwa mfuko wa TASAF, na baadaye mfuko huo ukaanza kuzipa kaya maskini fedha mikononi. Namna ya kuzichagua kaya hizo ni ya kuangaliwa: majina husomwa katika mkutano wa kijiji, na jirani aweza kusimama akasema, Huyu anastahili, yule hastahili. Twaweza kusema ya kwamba ni desturi ya zamani ya kujuana kwa majina, ila sasa ina daftari.

Tena tangu mwaka 2018 sheria huitaka kila halmashauri itenge sehemu 10 katika kila 100 ya mapato yake ya ndani, iwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hapa ushuru wa ndizi hukutana na mjane wa kijijini waziwazi. Lakini mikopo mingi haikurudishwa, na vikundi vingine vilikuwa vya majina tu. Mwaka 2023 utoaji ulisimamishwa, ukaanza tena mwaka 2024 kwa taratibu mpya. Aliyekopa asirudishe hakuiibia serikali peke yake, bali alimnyang'anya mwenziwe aliyekuwa akingoja zamu.

Na mji je? Soko kuu la zamani katikati ya Morogoro lilivunjwa, likajengwa jipya la ghorofa kwa shilingi bilioni 17 na zaidi. Rais John Magufuli alilifungua mwezi wa Februari 2021, nalo likapewa jina la Chifu Kingalu. Jina hilo limeshuka kutoka Kinole hadi katikati ya mji, na ni haki, maana bila ndizi, mboga na matunda ya milima soko lile lingekuwa nyumba tupu. Lakini jina juu ya mlango halitoshi. Ikiwa kodi ya kizimba itamshinda mama wa mlimani, akaketi nje juani, basi tumewajengea wengine kwa fedha yake.

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika habari zote tulizozieleza twaona kwamba fedha ya umma ilifaa pale ambapo waliotoa waliulizwa kwanza, na hesabu ikasomwa kwao baadaye. Sheria za siku hizi zatupa mkutano wa kijiji na diwani wa kata. Basi ndugu zetu, tusiuache mkutano kwa wachache kisha tukalalamika njiani. Twende, tuulize kiasi gani kimeingia na kiasi gani kimetoka. Tutaje jina la mzee asiye na mtu, lipate kuandikwa. Na aliyekopa arudishe. Tukifanya hivyo, mama akirudi kutoka sokoni atalijua jibu la swali lake.